Wiki ya Ng'ambo na Watoto wa Sukari wa Kindu

Wenzangu wa wodi, mliniaga kwa kitenge, saa ya ukutani na keki ambayo nusu ya waliokuwepo hawakuruhusiwa kuila. Kisha mkaniomba niandike. Ombi lenu nimekaa nalo majuma mawili, na leo nimeketi kulitimiza, barazani kwangu mtaani Kasuku, bila mtu wa kuniita kutoka mlango wa pili. Kuhusu vyeo sitasema kitu. Anayetaka kujua nilivyopanda akaulize ofisini, wao ndio walioniandikia zile barua, na mara nyingi walikosea jina langu.

Jina langu ni Zuhura Ramazani. Baba alikuwa fundi cherehani nyuma ya msikiti, na mama alikuwa akiuza mchele. Nimekuwa muuguzi wa watoto hapa Kindu tangu kabla ya vita mpaka mwezi uliopita. Watoto niliowatumikia zaidi ni wale ambao mwili wao hautengenezi insulini hata tone, wanaoishi kwa sindano asubuhi na jioni. Hapa kwetu tunawaita watoto wa sukari. Wenyewe hawalipendi sana jina hilo, ila wamelizoea, kama mtu anavyozoea jina la utani la shuleni.

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu vitu viwili kabla ya saa nne asubuhi. Cha kwanza kilikuwa sindano ya kioo. Enzi hizo sindano hazikutupwa, zilichemshwa kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta, na mimi nikaitumbukiza ikiwa baridi katika maji yanayochemka. Ikapasuka vipande viwili, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayealisha kidole. Cha pili kilikuwa ile iliyofuata, kwa kosa lile lile.

Mkuu wa wodi alikuwa Mama Veronika, mwanamke mfupi wa Kibombo, Mkristo wa kusali kila asubuhi, ambaye hakuwahi kupandisha sauti kwa sababu hakuhitaji. Alikuja akatazama ndani ya sufuria.

"Zuhura," akasema, "kioo iko kama mugeni. Haumuingize mu mayi ya moto bila kumusalimia."

Akanionyesha: kioo kwanza, maji baridi juu yake, halafu moto. Ndivyo alivyofundisha, kwa maneno machache na mkono. Jioni alinipa kaye mpya, yaani daftari, akaniambia niandike humo kila kosa nitakalolifanya, kwa tarehe na kwa jina langu. "Si ya dokta," akasema. "Si ya mukubwa yeyote. Njo ya weye." Ndiyo yangu peke yangu, kwa maneno mengine. Yeye mwenyewe alikuwa amefika kaye ya tatu.

Mwezi wangu wa pili aliletwa mtoto wa kiume kutoka Alunguli, ng'ambo ya pili ya mto Lualaba. Alikuwa amekonda, macho yamezama, anapumua kwa nguvu kama aliyetoka mbio. Nyumbani walikuwa wamemtibu malaria mara mbili. Mimi nami niliandika malaria. Mama Veronika aliinama juu ya uso wake, kisha akanishika bega akaniinamisha.

"Nusa."

Ilikuwa harufu ya papai lililoiva mpaka likapita. Alichukua mkojo wa yule mtoto, matone manane, akayaweka katika kichupa chembamba chenye maji ya buluu, akakishika juu ya mwali wa spiriti. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, kisha ikatulia kwenye rangi ya tofali la kuchoma, dalili ya sukari iliyozidi. Nilikuwa nimeisoma rangi hiyo kitabuni, lakini sikujua kwamba inatokea taratibu hivyo, mbele ya mama wa mtoto, na yeye akiitazama akidhani ni dawa. Tulianza insulini na maji ya mshipa saa ile ile. Alikuwa amechelewa. Alifariki kesho yake adhuhuri, na jioni niliandika ukurasa wa kwanza wa kaye ambao haukuhusu kioo.

Tangu siku hiyo kila mtoto aliyelazwa kwangu nilimnusa. Wako wazazi walioniona mwanamke wa ajabu. Vijana, nuseni. Mashine mnazo, lakini mashine inangoja mtu wa kuifikiria kwanza.

Kisha vita vikaja. Sitaeleza nani alimpiga nani. Tuliokuwa Kindu tulijua jambo moja tu: wenye bunduki walikuwa mjini, wenye bunduki wengine walikuwa msituni, na sisi tulikuwa katikati na mashamba yetu yalikuwa upande usiofikika. Treni ilinyamaza. Mtoni palikuwa hatari. Ndege zilizotua zilileta askari na chumvi.

Wakati ule wodi yetu ilikuwa na watoto watatu wa sukari. Aziza alikuwa na miaka kumi, ametoka Lokandu kwa mtumbwi pamoja na bibi yake siku chache kabla mto haujafungwa, na sasa hawakuweza kurudi. Bertin alikuwa na miaka kumi na miwili, mwana wa mwalimu wa Mikelenge, mbishi, mwenye kuhesabu kila kitu. Tatu alikuwa na miaka saba, mjukuu wa mama mmoja muuza mawese, na alikuwa akiimba wakati wa kudungwa ili asisikie.

Mafuta ya taa ya frigo, jokofu letu la dawa, yalipokwisha, Mama Veronika alituma tununue vyungu viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Kidogo tulikiweka ndani ya kikubwa, katikati tukajaza mchanga wa mtoni, na mchanga tukaunywesha maji asubuhi na jioni. Chupa za insulini zilikaa mle ndani, zimefunikwa kwa kitambaa kibichi. Ulikuwa ukitia mkono unakuta ubaridi kama wa kisimani. Ile njia ilifanya kazi mwaka mzima, na haikutuangusha.

Kilichotuangusha ni kwamba chupa zilikwisha. Zikabaki mbili, kisha moja na nusu. Daktari mmoja aliyekuwa akipita mjini alitushauri tuwape wakubwa wawili dozi kamili, kwa sababu kwa watatu isingetosha yeyote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akifanya hesabu tu.

Mama Veronika alimsikiliza mpaka mwisho. "Dokta," akamjibu, "hiyo hesabu mi siwezi kuiandika ku kaye yangu." Akagawa kwa tatu. Tulipunguza dozi mpaka kiasi cha kumweka mtoto hai bila kumweka mzima, na kuhusu chakula hatukuhitaji kuwakataza kitu: kulikuwa na sombe, yale majani ya muhogo, bila mafuta, na siku nyingine sombe bila muhogo. Aliandika barua ya kuomba insulini kwa muuguzi rafiki yake wa Lubutu, akamkabidhi Salumu, mfanyabiashara anayesafiri kwa baiskeli aliyekuwa akileta chumvi na sabuni kwa njia za msituni. Salumu aliiweka barua ndani ya soksi, akaondoka.

Tulingoja. Wiki ya nne Tatu akashikwa na malaria, malaria ya kweli safari hii. Mwili wenye homa unadai insulini zaidi, nasi tulikuwa na kidogo kuliko jana. Nilikaa naye. Asubuhi moja nilipomdunga hakuimba. Nilimwambia, "Tatu, imba basi." Akaniambia, "Leo nitasikia tu." Alifariki siku hiyo alasiri, bibi yake akiwa amemshika miguu.

Siku ya nne baada ya mazishi, Salumu aliingia wodini kwa miguu, pekupeku, na kipande cha mgomba begani kirefu kama mkono wa mtu mzima.

"Kinga iko wapi?" Mama Veronika akamuuliza, maana aliondoka kwa baiskeli.

"Askari wamebeba ku barière ya pili, pale wanafunga njia. Na chumvi, na sabuni, na viatu." Akakitua kile kipande sakafuni. "Huu mugomba waliucheka tu. Mumoja aliniuliza naenda kuupanda wapi."

Akaufungua kwa kisu, tabaka baada ya tabaka. Ndani, katika majimaji ya mgomba, palikuwa na chupa tisa za insulini, baridi, hakuna hata moja iliyopasuka. Muuguzi wa Lubutu ndiye aliyezifunga hivyo, na Salumu alitembea nazo siku kumi na moja.

"Wale watoto watatu wazima?" akauliza.

Mama Veronika, ambaye sikuwahi kumwona amekaa wodini, alikaa sakafuni pembeni ya ule mgomba. Salumu akamtazama, akanitazama mimi, naye akakaa. Baada ya muda Aziza alitoka kitandani akaja kuziangalia chupa, akazihesabu kwa kidole mpaka tisa, akaanza upya.

Mnaniuliza mara nyingi kama Mama Veronika alikosea kugawa kwa tatu. Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba Aziza na Bertin walitoka katika vita wakiwa hai, na kwamba yeye aliliandika jina la Tatu kwenye kaye yake na hakulifuta. Bertin ni mwalimu wa hesabu Kisangani sasa, bado mbishi. Mama Veronika aliuona mwaka wa kwanza wa amani, treni ikapiga honi tena, kisha akastaafu, na baadaye akatutoka akiwa kwao Kibombo. Wodi akaniachia mimi.

Amani ilileta watoto zaidi, kwa sababu barabara zilifunguka. Walitoka Kibombo, Kailo, Lubutu, wengine nyuma ya pikipiki kwa siku tatu. Insulini nayo ilianza kuja kwa ndege, kwa msaada wa watu wa nje, si kila mara kwa wakati lakini ilikuja. Nikadhani kazi ngumu imekwisha. Kumbe nilikuwa naona mtoto kwa dakika ishirini tu, halafu anarudi nyumbani, na nyumbani ndiko ugonjwa ulikokaa. Wengine walifichwa wageni wakija. Wasichana waliambiwa wasahau kuolewa. Mvulana mmoja alijidunga chooni miaka miwili ili wanafunzi wenzake wasimwone, na akaacha shule walipomwona.

Asubuhi moja, kwenye benchi la nje, Aziza alikuja kuchukua dawa zake. Alikuwa msichana mkubwa sasa, mwalimu wa shule ya msingi huko Alunguli. Pembeni yake alikaa msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye hakuwahi kuonana naye, Neema, mwenye shingo ndefu na uso wa mtu aliyekasirika tangu juzi. Aziza alitoa sindano, akafunua upande wa kitenge, akajidunga pajani huku akiendelea kulalamika kuhusu chaki. Neema alimtazama mdomo wazi.

"Na weye?" akamuuliza.

"Na miye. Tangu wakati wa vita."

"Na uko muzima hivi?"

Nilikuwa mlangoni na faili mkononi. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimemweleza Neema kwamba ataishi, kwa kila neno nililolijua. Aziza alimweleza kwa paja.

Hapo ndipo wazo lilipoanza: tuwakusanye wakati wa vakansi kubwa, shule zikifungwa, wote, wiki moja, wale pamoja na wajidunge pamoja. Aziza alipata ruhusa ya shule yake Alunguli, madarasa yakiwa matupu. Nilifikiri shida itakuwa chakula na magodoro. Shida ya kwanza ilikuwa neno. Nilipowaambia wazazi "kambi", mama mmoja alimshika mwanawe mkono akasimama. Mwanawe mkubwa alikuwa amechukuliwa wakati wa vita, na kambi kwake ilikuwa mahali pa kuchukuliwa watoto. Nilikaa naye saa nzima. Aziza ndiye aliyesema tusiite kambi kabisa. Shule iko ng'ambo, basi iwe Wiki ya Ng'ambo. Yule mama alilionja hilo jina mdomoni mara mbili, akasema, "Ng'ambo, ndiyo, mutu anaendaka na anarudiaka."

Mwaka wa kwanza walikuja kumi na wanne. Tulivuka Lualaba katika mitumbwi miwili, insulini ikiwa kwenye kisanduku mapajani mwangu. Mpishi alikuwa Mama Sifa, aliyezoea kupikia harusi na ambaye hakuwahi kupika kitu kwa chini ya watu mia. Nilimpa kopo la maziwa lililokatwa, nikamweleza kwamba kila mtoto atapimiwa wali kwa kopo hilo, usawa na ukingo, bila mlima.

Alilitazama kopo, akanitazama. "Mama Zuhura, hii njo chakula ya mutoto ao ya kuku?"

Tulibishana siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta akiwagombeza watoto waliotaka kupimiwa kwa jicho.

Sasa nifike kwenye kosa langu, kwa maana mmeniomba niandike. Siku ya kwanza niliwapa watoto dozi zile zile nilizowaandikia hospitalini. Lakini hospitalini mtoto analala, au anakaa kwenye benchi. Ng'ambo walikimbia tangu walipotua. Walicheza mpira, wakavuta kamba, wakapanda mlima wa nyuma ya shule na kushuka, kwa sababu wengi wao hawakuwahi kuruhusiwa kukimbia nyumbani. Mwili unaokimbia unakula sukari wenyewe. Ukiuongezea insulini kamili, sukari inaanguka. Nilikuwa najua hilo kichwani, na nilishindwa kulikumbuka kwa sababu sikuwahi kumwona mtoto wa sukari akicheza.

Ilipofika saa tisa alasiri wa kwanza alianza kutetemeka, tukampa maji ya sukari. Wa pili akafuata. Kisha Neema, katikati ya uwanja, akasimama, akaanza kumtukana mlinda mlango kwa matusi ambayo sitayaandika, akakaa chini, akalala ubavu, jasho likimtiririka.

Baba yake alikuwa amesimama chini ya paa la darasa. Papa Mustafa alikuwa mkulima wa Obokote, mrefu, mpole wa sauti, aliyekuja Kindu kukaa kwa dada yake ili binti yake awe karibu na dawa. Kwao walikuwa wamemwambia kwamba Neema ameingiliwa na kitu, na kwamba sindano zinakilisha kile kitu. Hakuwa ameamini, lakini hakuwa ameacha kuamini. Alikuwa amevuka mto siku hiyo kuona tu. Na alichokiona ni binti yake, mwenye adabu, anatukana kwa sauti ya mwingine na kuanguka.

Aziza alifika kwa Neema kabla yangu. Alimchoma kidole: arobaini na moja, sukari imeshuka mno. Neema alikuwa bado anaweza kumeza, basi akamnywesha maji yenye vijiko vitatu vya sukari, kidogo kidogo, kichwa akiwa amekilaza mapajani. Kwa robo saa Neema alifungua macho, akauliza nani amefunga. Tukampa ndizi. Lakini baba yake tayari alikuwa amechukua mfuko wake.

"Tunaenda," akaniambia. "Mulisema sindano inaleta uzima. Mutoto wangu ameanguka mbele ya macho yangu."

Nilijua kwamba akiondoka naye, wazazi wengine watasikia kabla ya jua kuzama, na Neema angerudi Obokote, na Obokote hakukuwa na insulini. Nilikuwa na majibu mengi ya kujitetea. Ningeweza kusema kwamba mtoto alikula kidogo. Ningeweza kusema ugonjwa ndivyo ulivyo. Badala yake nilimwomba asubiri, nikaleta kaye yangu kutoka kwenye kisanduku, na mbele yake nikaandika, nikimsomea kila neno: Leo, Zuhura Ramazani, nimewapa watoto dozi ya kitandani ilhali wanacheza. Watatu wameshuka. Kosa ni langu, si la dawa wala la mtoto.

Papa Mustafa alitazama ukurasa. Alirudi nyuma kurasa mbili tatu, akaona makosa mengine, ya miaka mingine.

"Mutu wa hospitali anasema kosa ni yake," akasema polepole. "Mi sijapata kusikia hiyo."

"Utaisikia tena," nikamwambia. "Lakini hili halitarudi. Kesho tunapunguza dozi, na kabla ya mpira kila mmoja anakula ndizi. Ukae uone kwa macho yako."

Aziza alikuja akakaa ngazini, chini kidogo ya alipokuwa amesimama, kama binti anavyokaa mbele ya baba. "Papa," akasema, "miye nilikaa wodini wakati wa vita. Tulikuwa watatu. Mwenzetu hakufa kwa sababu ya sindano. Alikufa kwa sababu ilikosekana. Kama ingekuwa iko, leo angekuwa hapa anakusalimia."

Papa Mustafa aligeuka. Alitazama uwanja, ambako Neema alikuwa anabishana na mlinda mlango, safari hii kwa akili zake. Kisha akaurudisha mfuko darasani. Alilala shuleni wiki nzima, juu ya meza mbili alizoziunganisha. Siku ya tano alijifunza kudunga kwa chungwa, siku ya sita akamdunga binti yake. Mpaka Wiki inakwisha, yeye ndiye aliyeshika kopo la wali, na Mama Sifa alinilalamikia kwamba ni bahili.

Neema ana duka la vitambaa sokoni sasa, na watoto wawili. Alipojifungua wa kwanza, dozi zake nilizisimamia mimi, na sikukosea hata moja. Hilo nalo niliandika, ingawa kaye si ya mambo hayo.

Wiki ya Ng'ambo haijakosa mwaka tangu wakati huo, isipokuwa mara moja mto ulipojaa. Nimejifunza mengi pale kuliko wodini, na nayaacha hapa bila mpangilio. Usimwambie mtoto "usile". Mwambie kiasi, maana anayekatazwa muwa ataula nyuma ya choo, na ukiona maganda usipige kelele, pima tu. Mhesabie mchezo kama unavyomhesabia wali. Mtoto anayekojoa kitandani ghafla baada ya miaka ya kutofanya hivyo, usimcheke, mpime. Mzazi akikwambia amekwenda kuombewa, mwambie vizuri, aombewe na adungwe. Baba yangu alikuwa akisoma Yasini na kunywa kwinini, na hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Vifaa vimebadilika: sindano ni nyembamba kama unywele, kipimo ni tone moja na kuhesabu mpaka tano. Mkishangaa kwa nini napapasa kila chupa kabla ya kuitumia, ni kwamba vidole vyangu bado vinatafuta ubaridi.

Mwaka huu mashariki kumewaka tena. Ndege zimepungua, na kuna wiki nilizokwenda uwanja wa ndege mara tatu kuulizia kisanduku kimoja. Wengi mlidhani Wiki itaahirishwa. Hatukuiahirisha. Tulianza kuweka akiba tangu Pasaka, chupa mbili mbili, na vakansi ilipofika tulivuka na watoto thelathini na wanane, wengine wakiwa watoto wa watu waliokimbia vita na kufika Kindu wakiwa na nguo walizovaa tu. Ilikuwa ya mwisho kwangu, na niliificha siku ya kuondoka kwangu ili wasiniimbie.

Siku ya pili tulipokea mtoto mpya, Riziki, miaka minane, aliyegunduliwa wiki tatu tu kabla. Hakukubali kudungwa. Nyumbani walikuwa wakimshika watu wawili. Nilikwenda kwake kwa upole wangu wote na uzoefu wangu wote, nikaongea naye, nikampa chungwa, nikamwimbia. Alishika nguzo ya dirisha kwa mikono yote miwili, akafumba macho. Nilijaribu tena baada ya nusu saa. Akaishika nguzo kwa nguvu zaidi.

Furaha, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyekuja Ng'ambo mwaka wa nne sasa, alikuwa amesimama nyuma yangu na kisanduku chake.

"Mama Zuhura," akaniambia kwa heshima, "utuachie nafasi kidogo."

Nilitoka. Nilisimama nje ya dirisha, pamba mkononi, tayari kuitwa. Nilimsikia Furaha akikaa sakafuni, akifungua kisanduku, akipiga sindano kwa ukucha kutoa hewa, kama nilivyowafundisha, bila haraka. Alijidunga yeye kwanza. Alimweleza Riziki kwamba siku zake za mwanzo alimng'ata muuguzi, jambo ambalo ni kweli, muuguzi mwenyewe nilikuwa mimi. Nilijizuia nisichungulie.

"Sasa weye," Furaha akasema. "Mi nashika mukono yako, lakini njo weye unasukuma."

Kisha sauti ndogo, yenye mshangao kidogo, kama ya mtu aliyefungua mlango akakuta chumba cha kawaida:

"Njo hii tu?"

"Njo hii tu."

Niliiweka pamba mfukoni. Jikoni Mama Sifa alikuwa amenimiminia chai, nikaenda nikainywa ingali ya moto, jambo ambalo katika kazi hii lilinitokea mara chache sana.